Hodi Kwanza, Ufunguo Baadaye: Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Ploti Yetu

Kwa Mkurugenzi,
Kampuni inayosimamia nyumba tunazokodi,
Nakuru.

(Jina la kampuni nimeliacha makusudi. Wewe utajijua, na wapangaji wenzangu wa Kaptembwo watakujua kwa rangi ya geti.)

KUH: KUINGIA NYUMBANI MWANGU BILA HODI NA BILA TAARIFA

Bwana Mkurugenzi,

Pokea salamu zangu kwa heshima. Mimi ni mpangaji wako, huu mwaka wa tatu, bedsita ya ghorofa ya pili, kodi shilingi 6,500 kwa mwezi. Hatujawahi kuonana. Sauti yako naijua kwa sababu ulinipigia simu mara moja, mwezi Juni, kuniambia kwamba nimevunja mkataba kwa kubadilisha kitasa. Hatukumaliza hata dakika mbili, na sikupata nafasi ya kukueleza ni nini kinachomfanya mtu mwenye akili zake atoe shilingi 1,800 kununulia kitasa mlango usio wake. Nakueleza sasa.

Naandika hadharani kwa kuwa njia za faragha nimezimaliza. Februari nilizungumza na keateka, mtunza jengo wenu, kwa mdomo, tukiwa tumesimama kando ya matangi ya maji. Akasema yeye hutumwa tu. Machi nikamwandikia ajenti wako kwa simu. Alama mbili za buluu zilitokea, jibu halikutokea. Aprili nikaleta barua ofisini kwako mjini, dada wa mapokezi akaigonga muhuri na kunirudishia nakala. Mei mzee wa Nyumba Kumi, yule wa usalama wa mtaa, akatuita kikao siku ya Jumapili. Mimi nilifika, majirani watatu walifika, na viti viwili vilivyowekewa upande wako vilikaa vitupu hadi soda zikapata joto. Karatasi ya kwanza niliyopokea kutoka kwenu tangu nianze kulalamika ni notisi ya kitasa.

Kabla sijataja malalamiko, acha nikueleze ninavyoishi, maana naona watu wako hawajui au hawajali.

Nafanya kazi katika kiwanda cha mikate, zamu ya usiku, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Ule mkate unaoukuta dukani alfajiri, karatasi yake ingali na jasho kwa ndani, umepita mikononi mwa watu kama mimi. Nikifika nyumbani, mdogo wangu aliye kidato cha nne humchukua mwanangu wa Gredi ya Pili wakaondoka pamoja kwenda shule. Mimi nafunga pazia na kulala kuanzia saa mbili hadi saa nane mchana. Huo ndio usiku wangu. Jua linawaka, watoto wa ploti wanacheza kwenye ngazi, redio ya jirani inaimba, na mimi nimelala.

Na bedsita, kama hujawahi kuishi ndani yake, ni chumba kimoja. Ukifungua mlango umeshaona kila kitu: kitanda, jiko la gesi, beseni la vyombo, kamba ya nguo juu ya dirisha. Sisi tumekigawa kwa pazia la kitenge lenye maua ya njano. Upande wa mlango ni sebule na jikoni, upande wa ndani ni chumba cha kulala. Pazia hilo ndilo ukuta wetu. Nakuomba ulikumbuke.

Haya sasa ndiyo yanayonileta.

1. Mlango wangu ulifunguliwa nikiwa nimelala.

Ilikuwa Jumanne moja ya Februari, saa nne na nusu hivi. Nilisikia ufunguo ukizunguka kitasani, nikadhani ni mdogo wangu amerudi kuchukua kitabu. Kisha nikasikia viatu, jozi zaidi ya moja, na sauti ya mwanamume ikisema, “Hii ndiyo saizi yake, zote ziko sawa.” Hatua zikasogea. “Na huku ndiko kwa kulala.” Vidole vinne vikashika ukingo wa pazia na kulivuta.

Nilikuwa nimejifunga leso tu.

Aliyevuta ni ajenti wako. Nyuma yake walisimama mume na mke waliokuwa wakitafuta nyumba, yule mama tumbo likiwa limekua. Alinitazama mara moja, akainamisha macho, akamshika mumewe mkono wa shati wakatoka. Huko nje nilimsikia akiomba msamaha, “Pole sana dada, hatukujua, pole,” akiongea na ukuta kwa sababu mimi nilikuwa bado ndani nahangaika na nguo. Ajenti wako alisema maneno mawili tu. Alisema, “Kumbe uko?”

Nimeyatafakari maneno hayo kwa miezi mingi. Kumbe uko. Kana kwamba kosa lilikuwa langu kuwepo. Kana kwamba ningekuwa kazini, basi kuingia kwake kungekuwa sawa.

Sikuwa nimetoa notisi ya kuhama. Chumba kilichokuwa kitupu ni kile cha ghorofa ya tatu, lakini hakikuwa kimepakwa rangi na mende walikuwa bado wanakaa bila kulipa kodi. Nilipouliza kwa nini wageni waletwe kwangu, nikajibiwa, “Yako imepangwa vizuri.” Yaani usafi wangu umegeuzwa mali ya kampuni.

Bwana Mkurugenzi, mimi si mtu wa pwani. Nimekulia hapa hapa, na Kiswahili changu ni hiki cha stendi na cha darasani. Lakini kila aliyelelewa na watu anajua kwamba mlangoni hupigwa hodi, na hodi hungoja karibu. Ukipiga mara tatu bila kujibiwa, unaondoka, hata kama unasikia sufuria ikichemka ndani. Chifu hupiga hodi. Mchungaji hupiga hodi. Anayekuja kudai deni hupiga hodi, tena kwa nguvu. Hodi haiulizi nyumba ilijengwa na nani. Inauliza nani yuko ndani. Kodi ninayotuma kila tarehe 5 hainipi matofali wala bati, hayo nitayaacha siku nikihama. Inanipa haki ya kusema karibu, na haki ya kunyamaza nisiposema.

2. Chumba changu kimetangazwa.

Aprili, wakati wa mapumziko ya usiku, tukingoja unga uumuke, mwenzangu wa zamu alininyooshea simu yake akauliza, “Hili si pazia lako?” Lilikuwa pazia langu. Tangazo la nyumba za kupanga, picha nne. Kitanda changu. Kikapu cha dawa zangu juu ya meza ya televisheni, majina ya dawa yakisomeka ukikuza picha. Kamba ya nguo na nguo zilizokuwa juu yake siku hiyo, ambazo sitazitaja hapa. Na ukutani, picha ya mwanangu akiwa na sare, jina la shule likiwa kifuani. Chini wameandika: “Bedsita safi Kaptembwo, maji saa 24.”

Maji saa 24! Jirani yangu, aliyekuwa amekasirika kuliko mimi, alipofika hapo alicheka hadi akakaa chini. Tunapata maji siku mbili kwa wiki, na siku hizo tunayakimbilia na mitungi.

Lakini kuna jambo jingine katika picha hizo. Nyuma ya mlango wangu huning’inia kalenda ya duka la dawa za mifugo, na mwanangu ndiye hugeuza ukurasa kila mwezi unapoanza, hiyo ni kazi yake na hakubali kusaidiwa. Katika picha kalenda inaonyesha Machi. Yule ajenti aliingia na wageni Februari. Kwa hiyo mtu aliingia tena mwezi uliofuata, baada ya malalamiko yangu, akasimama katikati ya chumba, akapiga picha, akafunga, akaondoka, na mimi sikujua hadi leo ni siku gani. Nilikuwa wapi? Huenda sokoni. Huenda kwenye mkutano wa wazazi shuleni. Tangu nione kalenda ile, nikirudi nyumbani huangalia vitu kwanza kabla ya kuvua viatu.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahusu hata picha inayoweza kumtambulisha mtu, na kwa mtoto inataka idhini ya mzazi au mlezi wake. Mzazi ni mimi. Sikuombwa. Ofisi ya Kamishna wa Data hupokea malalamiko ya aina hii, na sheria inampa Kamishna siku 90 kuyachunguza na kuyamaliza. Sijaenda huko. Nimetaka kuja kwako kwanza, na hii ni mara ya tano nakuja.

3. Kufuli.

Mei mshahara wetu ulichelewa. Tarehe 9 nilirudi kutoka kazini nikakuta kufuli lenu juu ya kitasa, na mdogo wangu na mwanangu wamekaa ngazini. Mwanangu alikuwa na soksi bila viatu, kwani walikuwa wametoka tu kumwaga maji taka. Nililipa saa nne asubuhi kwa pesa za kukopa, kufuli likaondolewa. Kwa hili sitasema mengi. Mwenye nyumba anayedai kodi ana Sheria ya Kukamata Mali kwa Kodi, Sura ya 293, na dalali aliyepewa leseni. Ana mahakama pia. Kufuli la usiku halimo katika njia hizo.

4. Fundi wa saa moja usiku.

Mwishoni mwa Mei hiyo hiyo, mimi nikiwa kazini, fundi wa mabomba alifungua mlango kwa ufunguo wa akiba kuja kutazama sinki. Sinki lilikuwa likivuja tangu Machi, na nililiripoti mwenyewe, kwa hiyo kuja kwake kulikuwa jambo jema. Alikuja saa moja usiku, bila simu, bila keateka, akamkuta msichana wa miaka 17 ndani na mtoto amelala. Mdogo wangu alipita chini ya mkono wake akakimbilia kwa jirani. Fundi mwenyewe alitetemeka, maskini. Alidhani hakuna mtu, na ufunguo alipewa kama vile mtu anavyopewa bisibisi. Simlaumu. Namlaumu aliyempa.

Mdogo wangu sasa hasomei nyumbani. Ana mtihani wa kitaifa mwaka huu na husomea kwa jirani, mezani, kati ya watu watano na televisheni.

Siku mbili baadaye nilinunua kitasa.

5. Mkataba mnaonitajia.

Mkataba wetu umeandikwa kwa Kiingereza cha wakili, kurasa sita, na tulipewa dakika kumi kuutia sahihi tukiwa tumesimama. Nimeusoma upya polepole. Kipengele ambacho ajenti wako hukitaja kila mara, nikikitafsiri, kinasema mwenye nyumba au wakala wake anaweza kuingia “wakati wowote unaofaa ili kukagua na kufanya marekebisho.” Ajenti husoma “wakati wowote” na kuishia hapo. Sentensi haiishii hapo. Kuna neno “unaofaa”, na kuna neno “ili”. Kumletea mtu wageni si kukagua. Kupiga picha za tangazo si marekebisho.

Na sheria ya nchi inasema karibu hivyo hivyo. Mimi si wakili, ila sheria za Kenya zinasomeka bure mtandaoni na usiku wa kiwandani una mapumziko yake. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinaweka ndani ya kila mkataba ahadi kwamba mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti atakaa kwa amani bila kuingiliwa isivyofaa na mwenye mali au watu wake. Kifungu hicho hicho kinampa mwenye mali ruhusa ya kuingia, yeye au wakala wake, kwa wakati unaofaa, kukagua hali ya nyumba au kurekebisha kilichoharibika, mradi asimsumbue mpangaji bila sababu. Juu ya hayo yote kuna Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010, kinachompa kila mtu haki ya faragha, nyumba yake ikiwemo. Nyumba yake, yaani anapoishi. Hakikuandikwa kwa wenye hati miliki peke yao.

Sasa, najua mtakavyojibu, kwa sababu mengine nimeshaambiwa mlangoni.

Mtasema nyumba ni ya mwenyewe. Ni kweli, na mwenyewe namheshimu. Ni mzee mstaafu, amejenga kwa malipo ya uzeeni na mkopo, na sitaki apate hasara hata ya balbu. Nimemwona mara moja tu, Desemba, alipokuja kutazama jengo lake. Unajua alivyofanya? Aligonga mlango kwa fimbo, mara mbili, akarudi nyuma hatua mbili, akageuka akawa anatazama upande wa mlima Menengai hadi nilipojitanda na kusema karibu. Ndipo akageuka. Akaingia, akatazama dari palipolowa, akanywa nusu kikombe cha chai, akaaga. Mwenye ploti anabisha mlango wa mpangaji wake. Anayelipwa asilimia ya kodi yake haoni haja.

Mtasema kuna dharura. Nakubaliana nanyi kabisa, na hapa nataka kumsifu keateka. Novemba mwaka jana jirani wa juu alikuwa ameacha mfereji wazi maji yakiwa yamepotea. Yaliporudi saa tano mchana yakajaza sinki, yakapita chini ya mlango, yakaanza kushuka ngazi kama mto. Keateka alimpigia simu jirani mara mbili, haikushikwa. Akaja kuniamsha mimi na baba wa mlango wa mbele, akasema, “Nataka mnione nikifungua.” Akaingia, akafunga mfereji, akatoka, akafunga mlango. Hakukanyaga hatua moja zaidi ya sinki. Aliniamsha usingizini na sikukasirika hata kidogo. Kwa hiyo keateka anajua kazi. Moshi, maji, harufu ya gesi, mtu anayelia ndani: vunjeni mlango kama hapana budi, tutafukuzana na fundi baadaye. Kumwonyesha mteja saizi ya chumba si dharura ya aina yoyote.

Usalama? Polisi wenyewe wana utaratibu wa kupekua nyumba. Hilo tuliache.

Mtasema wapangaji wengine hawalalamiki. Bwana Mkurugenzi, wana mbinu zao. Mama mmoja wa ghorofa ya kwanza huegemeza mtungi wa gesi nyuma ya mlango kabla ya kuoga. Kijana wa chuo aliye mkabala na mimi hutundika vifuniko viwili vya sufuria kwenye mkono wa kitasa, mtu akigusa tu vinaanguka na kupiga kengele ghorofa nzima. Tumeshazoea mlio huo. Watu hawa watakuambia hawana malalamiko, kwa kuwa wanaogopa jibu la mwisho, ambalo ni hili lifuatalo.

“Ukiona vibaya, hama. Nyumba ni nyingi Nakuru.”

Ni nyingi, ndiyo, mji umekuwa jiji tangu Desemba 2021 na ghorofa zinaota kama uyoga. Lakini tupige hesabu. Dipoziti ya nyumba mpya 6,500. Kodi ya mwezi wa kwanza 6,500. Pikapu ya kuhamisha kitanda na vyombo 2,500 ukibembeleza. Hiyo ni 15,500 kabla sijanunua hata msumari wa kutundikia pazia. Na dipoziti yangu iliyo kwenu nitaambiwa imetumika kupaka rangi. Rangi ya ploti hii imelipiwa na dipoziti nyingi kuliko kuta zilizopo. Mnajua pia kwamba Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, ina baraza lake la kusikiliza migogoro ya wapangaji, ila ni kwa nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Bedsita ya 2,500 Kaptembwo ni hadithi ya zamani. Kwa hiyo mtu wa 6,500 huambiwa aende mahakamani, atafute wakili, aombe ruhusa kazini, na ninyi mnahesabu kwamba hatafanya hivyo. Neno “hama” lina nguvu kwa sababu ya hesabu hiyo tu.

Ninachoomba hakihitaji pesa.

Kwanza, taarifa ya saa 24 kabla ya yeyote kuingia, kwa ujumbe wa simu, ukitaja nani anakuja, saa ngapi na kufanya nini. Sheria yetu haijataja idadi ya saa, imesema wakati unaofaa. Uingereza, ambako mikataba yetu imenakiliwa mpaka na koma zake, sheria yao ya 1985 inamtaka mwenye nyumba atoe taarifa ya maandishi ya saa 24 anapotaka kukagua. Kama tumenakili kurasa sita, tunaweza kunakili na hilo.

Pili, wanaofanya kazi usiku waandikwe. Tupo wanne katika jengo hili: mimi, walinzi wawili na muuguzi. Saa mbili hadi saa nane mchana milango yetu isiguswe bila dharura.

Tatu, wageni waonyeshwe nyumba tupu, au nyumba ambayo mpangaji wake ameshatoa notisi na amekubali saa. Pakeni rangi kile cha ghorofa ya tatu. Mende nitawasaidia kuwaua mimi mwenyewe.

Nne, picha za chumba changu ziondolewe popote mlipoziweka, ndani ya siku saba tangu leo, na niambiwe kwa maandishi ni nani alizipiga na ni tarehe gani. La tarehe nalitaka kuliko yote. Siku ya nane nitapeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data, picha ya kalenda ikiwa ndani ya bahasha.

Tano, funguo za akiba ziwe kwenye sanduku lenye daftari. Anayechukua aandike jina, saa na sababu. Fundi asipewe ufunguo mkononi. Asindikizwe na keateka, na kama ndani kuna mtoto peke yake, warudi baadaye. Mkiingia kwa dharura, acheni karatasi mezani: tuliingia saa fulani, tulifanya hiki.

Sasa la kitasa. Nilikosea kukibadilisha bila kuomba idhini, mkataba unasema hivyo waziwazi na sitajificha nyuma ya hasira. Nakala ya ufunguo nimeshachongesha kwa fundi wa stendi, shilingi 150. Nimeiweka ndani ya bahasha, nimeigundisha, nimetia sahihi juu ya mdomo wa bahasha ili ikifunguliwa ijulikane. Iko tayari. Nitaikabidhi siku sanduku na daftari vitakapokuwepo, mbele ya mzee wa Nyumba Kumi, na notisi yenu ya Juni ifutwe siku hiyo hiyo. Kitasa cha zamani ninacho ndani ya kopo la maziwa, na skrubu zake nne. Nikihama nitakirudisha mahali pake.

Mzee wa Nyumba Kumi yuko radhi kutuita tena Jumapili ijayo, saa tisa alasiri, uwanja wa ploti. Safari hii naomba uje mwenyewe. Kama Jumapili haikufai, nipate kwa simu, namba iko kwenye barua ya Aprili yenye muhuri wako. Lakini baada ya saa nane mchana, tafadhali.

Wako kwa heshima,

Mpangaji wa ghorofa ya pili, mlango wenye kitasa kipya.

Nakala:
Mzee mwenye ploti, kwa mkono wa mwanawe.
Mzee wa Nyumba Kumi.
Ubao wa matangazo chini ya ngazi, kando ya mita za stima. Keateka, nakuomba barua hii usiibandue.